Mashine ya Kushika Usukani wa Boti ya Seremala

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba, na hata huko nilikuwa mtoto wa kukaa nyuma karibu na dirisha, naandika polepole mpaka mwalimu anafuta ubao sijafika katikati. Bado naandika hivyo hivyo. Lakini jambo ninalotaka kulieleza sijaliona limeandikwa na mtu wa huku kwetu, nami nililitafuta sana nilipolihitaji. Nimeona afadhali liandikwe vibaya kuliko lisiandikwe kabisa.

Jambo lenyewe ni mashine ya kushika usukani wa boti ya tanga. Wanaozijua wanaiita otopailoti. Unaifunga kwenye usukani, unaielekeza unakotaka kwenda, halafu unaachia mkono na boti inaendelea kunyooka. Mimi niliwahi kuchagua moja na kuifunga, kule Karema, ziwani Tanganyika, na kabla ya hapo nilikuwa sijawahi kupanda hata mtumbwi.

Kazi yangu ni kufunga sola na kutengeneza umeme wa pikipiki, kwenye kibanda cha mtu pale Mpanda mjini. Kwetu ni Litapunga. Wazazi wangu ni wakulima, babu zangu walitoka Burundi, na nyumbani bado tunaongea Kirundi jikoni na Kiswahili mlangoni. Nilichokipendea waya ni kwamba hauulizi maswali. Unaupima, unakuonyesha kama una moto au hauna, basi. Watu ndio walikuwa wananishinda. Mteja akija namjibu huku nimeinamia meza, na mwenye kibanda, Msukuma wa Mwamkulu mwenye sauti ya kuswagia ng'ombe, alikuwa akiwaambia, "Wewe ongea na mgongo wake tu. Mgongo wake unasikia."

Siku moja mgongo wangu ulisikia watu wawili wakisalimia. Alikuwa seremala wa Karema na mke wake. Walikuwa wametafuta fundi wa sola mji mzima, na kila walipoeleza shida yao watu walicheka. Seremala alikuwa mtu mrefu, mpole, mkono wa kulia ameuingiza mfukoni muda wote. Nilidhani ni maringo, kumbe alianguka kutoka kwenye paa alipokuwa akipiga kenchi, na bega halikurudi sawa. Mkono ulikuwa unaweza kushika kikombe. Kushika kitu kinachovuta, kwa muda mrefu, ulikuwa hauwezi.

Kabla ya kuanguka alikuwa amejenga boti. Siyo mtumbwi wa kuvulia. Ilikuwa boti ya tanga yenye chumba ndani, kitanda, jiko la gesi, na sehemu ya kuweka randa na misumeno yake. Kule kando ya ziwa kuna vijiji ambavyo gari haliviingii vizuri, na watu wa huko wanajenga nyumba nzuri halafu wanakaa miaka na mlango wa bati kwa sababu hakuna fundi. Yeye na mke wake walipanga kutembea kijiji kwa kijiji kiangazi chote, wanafunga milango na madirisha, wanalala ndani ya boti, wanasonga mbele. Watu wa Karema waliipa boti jina la utani, Nyumba ya Konokono, na yeye hakukasirika.

Lakini boti ya tanga usukani wake haushikwi na kuachwa. Nyuma kuna mti mrefu unaotokea kwenye usukani, na mtu anakaa pembeni ameushika kutoka asubuhi mpaka watakapofika. Walijaribu mara moja baada ya ajali. Upepo ulipokaza, bega likakataa, na mkewe akalazimika kuurukia ule mti akiwa hajui pa kuusukuma. Tangu siku hiyo boti ilikuwa imefungwa. Mfanyabiashara mmoja wa dagaa alikuwa anaitaka. Angeng'oa chumba, atoe mlingoti, aweke injini na taa.

"Mimi nampenda mume wangu na boti yake," mama yule alimwambia mwenye kibanda. "Ila sitaki kuwa mjane wa boti. Kama kuna kitu cha kumshikia usukani, tukiweke. Kama hakuna, yule wa dagaa aichukue kabla kiangazi hakijaisha."

Mwenye kibanda alijikuna kichwa. Akasema yeye boti anazijua kwenye kalenda tu. Kisha akanigeukia, maana alishaniona nimeacha kukaza skrubu.

Kwa wiki kadhaa tulikuwa tunatumiana picha na seremala kwenye simu. Tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza wavuvi wengine wanaijua: unafunga usukani kwa kamba upande mmoja na kwa mpira wa tairi la ndani upande wa pili, ule mpira unavuta na kuachia. Alishaijaribu. Alisema upepo ukitokea mbele kidogo inakubali, ukitokea nyuma inakuwa kama kufunga mbuzi kwenye mti uliooza.

Njia ya pili ndiyo aliyoipenda yeye. Unatengeneza bawa la plaiwudi nyuma ya boti, linasimama kama bendera. Upepo unalisukuma, na lenyewe kwa kamba linasukuma usukani, hivyo boti inabaki kwenye pembe ileile na upepo. Haina betri, haina waya. Ni kazi ya mbao tupu. Alikuwa ameshachonga mfano wake mdogo, mzuri kabisa, umepigwa msasa mpaka unang'aa. Kila alipoituma picha yake nilijua anataka niseme ndiyo.

Ya tatu ilikuwa ya umeme. Ni bomba fupi lenye fimbo ya chuma ndani yake. Lina dira humo humo. Boti ikigeuka kidogo, dira inajua, na fimbo inatoka au inaingia kuusukuma ule mti wa usukani mpaka boti irudi. Hii alikuwa haiamini. Mkewe naye aliniuliza kwa sauti ya kurekodi, je, ikizimika katikati ya ziwa tutaipepea.

Nilifikiri sana. Nilimuuliza upepo wa kwao unakaaje. Alinieleza kwamba asubuhi unatoka milimani kwenda ziwani, mchana unageuka, na karibu na vilima unabadilika hata kwa muda wa kunywa chai. Hapo ndipo nilipoona tatizo la bawa lake. Bawa linafuata upepo. Upepo ukigeuka kuelekea kwenye mawe, boti nayo inageuka kuelekea kwenye mawe, na bawa litaamini limefanya kazi nzuri. Na siku isiyo na upepo, wakitumia injini ndogo waliyonayo ya akiba, bawa linalala.

Kumwambia hivyo ndiyo ilikuwa kazi. Niliandika ujumbe nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwenye kibanda akaniona, akasema, "Binti, unamposa mtu?" Mwishowe niliandika maneno machache: Ya umeme, baba. Bawa ni zuri lakini halijui ardhi ilipo. Na mpira wa tairi tubaki nao, mashine ikizimika.

Hakujibu mpaka kesho yake. Akajibu, Sawa, fundi. Hakuna mtu aliyewahi kuniita fundi. Niliusoma ujumbe ule mara nyingi kuliko ulivyostahili.

Mashine iliagizwa, ikafika Mpanda kwa basi, imefungwa kama mtoto mchanga. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza. Nilikisoma kwa michoro, na pale ambapo mchoro haukutosha, simu ya mwenye kibanda ilitafsiri, mara nyingine kwa namna ya kuchekesha. Nilielewa kwamba kuna umbali maalumu wa kupima kwenye mti wa usukani, kwamba bomba lazima lilale usawa mmoja na ule mti, likutane nao kwa pembe ya mraba, na kwamba usukani ukiwa katikati fimbo iwe imetoka nusu. Kitu kimoja kwenye kitabu simu ilikitafsiri kwamba "vyuma vikae mbali na nyumba ya dira." Nikaona hilo ni jepesi. Boti ni ya mbao.

Kabla ya kwenda Karema nilipita nyumbani kuaga. Mama yangu akauliza nakwenda kwa nani, nikasema kwa watu wenye nyumba mpya inayoelea. Sikujua nimesema nini. Kwetu mama haruhusu mtoto wake akalale kwenye nyumba mpya ya watu mikono mitupu, na zawadi ya nyumba mpya kwa mama ni moja tu, isuka, yaani jembe. Jembe jipya, bila mpini. Linakaa ndani, karibu na anapokaa mwenye nyumba, mpaka nyumba ile ipate mavuno yake ya kwanza, na haliazimishwi wala halirudishwi lilikotoka. Nikamwambia watu wenyewe hawalimi. Akaniuliza kama hawali.

Basi nikafika Karema nimekumbatia mashine upande huu na jembe lililofungwa kipande cha kanga upande wa pili. Mke wa seremala ni Mfipa. Alilipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema hata kwao jembe ni jembe. Hakuliweka nyumbani. Alilipeleka moja kwa moja kwenye boti, maana ndiyo iliyokuwa nyumba mpya, akalilaza ndani ya sanduku la chini ya kiti cha nyuma, pale anapokaa mwenye kushika usukani. Nilimwona akiliweka. Nilifurahi, nikaendelea kukunjua waya.

Kazi ya kufunga ilikuwa nzuri. Naikumbuka kuliko siku nyingi za maisha yangu. Seremala alichonga kitako cha mbao ya mninga cha kukalia bomba, akikata kwa mkono wa kushoto huku mkewe ameshika ubao. Hawakuwa wanaongea. Akisita, mkewe anasogeza ubao. Akipuliza vumbi, mkewe ameshafumba macho. Nikaona kwamba yule mama alishakuwa mkono wa kulia zamani, na kilichokuwa kinatafutwa ni kitu cha kumpumzisha na yeye.

Mimi nilivuta waya kutoka kwenye betri. Sikutumia waya wa pikipiki, nilichukua mnene, kwa sababu njia ni ndefu na waya mwembamba unaula umeme njiani. Nikaipa mashine fyuzi yake peke yake, ili taa ya chumbani ikileta shida usukani usizimike. Kila tundu nililotoboa, seremala alilipaka gundi ndani kabla sijapitisha kitu. Alisema maji hayana haraka, yanatafuta tu. Tulipomaliza tukawasha. Ikalia kidogo. Nikageuza mti wa usukani kwa mkono, fimbo ikatulia pale ilipotakiwa. Mke wa seremala akaiangalia kama mtu anayeangalia mkwe.

Asubuhi iliyofuata tukatoka, sisi watatu. Ziwa lilikuwa limetulia na upepo ulikuwa kama wa kupepea uji. Seremala aliipanga boti, nikabonyeza kitufe, na yeye akainua mkono wake kutoka kwenye usukani. Aliuinua kidogo tu, akauacha hewani, kama mtu anayemwachia mtoto anayejifunza kutembea. Boti ikanyooka. Ile fimbo ikawa inalia zii, kimya, zii, kimya. Aliangalia nyuma kwenye maji, akaona mstari wetu umenyooka. Mkewe akaanza kumenya mihogo.

Halafu upepo ukaja. Boti ikalala upande mmoja, kama inavyopaswa, na nikasikia kitu chini ya kiti kikikwaruza. Mara hiyo hiyo fimbo ikatoka yote, ikausukuma usukani kwa nguvu, na boti ikageuza kichwa kuelekea kwenye mawe. Seremala akaurudisha kwa mkono. Tukajipanga upya, nikabonyeza tena, ikanyooka. Likaja wimbi, tukalala, likakwaruza, ikageuka tena. Ikawa hivyo hivyo. Mara ya mwisho mawe yalikuwa karibu kiasi cha kuona ndege waliotua juu yake. Seremala akaurukia usukani kwa mkono mbovu. Hakupiga kelele, ila uso wake ulibadilika rangi, na mkewe akamsukuma pembeni akashika yeye, kwa mikono yote miwili, mihogo imemwagika miguuni. Nikaichomoa ile fimbo. Tulirudi tukitumia injini.

Ufukweni yule mama alikaa kwenye mchanga. Nilitegemea atanilaumu mimi. Hakunilaumu. Alimwambia mumewe, kwa upole, jambo ambalo ni baya kuliko ukali, "Tumejaribu, baba. Tumwite yule mtu aje kesho."

Seremala akasema, "Mwite."

Jioni ile walinipa chakula kizuri na sikuweza kukila. Nilipitia waya wote kichwani. Nilijua hauna kosa. Lakini nani angeniamini, mtoto wa darasa la saba kutoka Litapunga ambaye hata ziwa lenyewe ndiyo kwanza analiona. Nilichokuwa nacho ni kile kikwaruzo. Mtu asiyeongea sana anasikia vitu vidogo. Nilikumbuka kwamba kila mara kikwaruzo kilitangulia na fimbo ikafuata. Haikuwa fimbo kwanza. Kikwaruzo kwanza.

Kulipokucha nikaenda kwenye boti peke yangu. Ilikuwa imefungwa mbele na nyuma kwenye gati dogo la mbao, haiendi popote. Nikawasha mashine. Ikatulia, haki yake, boti haigeuki. Kisha nikasimama ukingoni upande mmoja na kuruka kidogo, boti ikalala. Kikwaruzo. Fimbo ikatoka. Boti imefungwa kabisa, haijageuka hata kidogo, na mashine inaamini imegeuka.

Nikafungua sanduku la chini ya kiti. Jembe la mama yangu lilikuwa limetoka kwenye kanga yake na kuteleza mpaka ukutani, kiganja kimoja tu kutoka kwenye bomba lenye dira. Nikalishika. Nikalisogeza kushoto, fimbo ikaingia. Nikalisogeza kulia, fimbo ikatoka. Nilirudia kama mtoto mwenye mchezo mpya. Dira inapenda chuma. Boti ilikuwa ya mbao, lakini sisi tulikuwa tumeipa zawadi ya chuma, tena mahali pa heshima, na kila boti ilipolala jembe liliteleza na kuidanganya dira kwamba dunia imezunguka.

Nilipoinua kichwa, yule mtu wa dagaa alikuwa ameshafika ufukweni. Alikuwa amesimama na seremala na mkewe, anapima boti kwa macho, anaonyesha kwa mkono mahali ambapo chumba kitakatwa. Seremala alikuwa anaitikia kwa kichwa. Mkono wake ulikuwa mfukoni.

Kutoka kwenye gati mpaka pale walipokuwa ni karibu tu. Kwangu ilikuwa mbali. Ninajua kwamba kwa watu wengine kuingia kwenye maongezi ya wakubwa ni jambo la kawaida. Mimi nilitembea nikiangalia mchanga, jembe mkononi, na nilipofika nikasahau hata kuamkia.

"Naomba msiuze kwanza," nikasema. "Mashine haina kosa. Ni jembe."

Walinitazama. Mke wa seremala aliangalia jembe, akaniangalia mimi, nadhani alifikiri nimepatwa na kitu. Sikuwa na maneno mengine, kwa hiyo niligeuka nikarudi kwenye boti, nao wakanifuata, hata yule mtu wa dagaa. Nikawaonyesha. Kushoto, inaingia. Kulia, inatoka. Seremala akachuchumaa, akaniomba jembe, akajaribu mwenyewe. Akalipeleka mbali, fimbo ikatulia. Akalirudisha, ikaanza. Mabega yake yakaanza kutikisika, na mpaka alipoinua uso ndipo nikajua kwamba anacheka.

"Kwa hiyo boti yenu ilikuwa inataka kwenda shamba," yule mtu wa dagaa akasema.

"Ni ya wakulima," mke wa seremala akamjibu. "Umeambiwa tunauza?"

"Jana uliniita wewe mwenyewe, mama."

"Nilikuita uje uone."

Ikabaki shida moja, na ilikuwa ya kweli. Jembe la zawadi halirudishwi. Kulitoa kwenye nyumba kabla ya mavuno ya kwanza ni kama kuwaambia watu nyumba yao isipate kitu. Mke wa seremala hakutaka kulipeleka hata nyumbani kwake, alisema akilishusha atakuwa ameshusha baraka. Ikabidi nimpigie mama yangu. Nilimweleza kwa Kirundi, polepole, habari za dira na chuma, nikitegemea atasikitika. Aliuliza tu jembe waliliweka wapi. Nikamwambia chini ya kiti. Akasema kitu ambacho nilipowatafsiria walishika mbavu: kwani yeye alisema jembe lilale chini ya makalio ya watu? Akasema mkulima anakwenda shamba jembe likiwa begani, linaona njia kabla yake. Walipeleke mbele.

Basi tukalipeleka mbele kabisa, kwenye pua ya boti, mbali na dira kuliko mahali pengine pote. Seremala alilikaza kwenye ubao kwa skrubu za shaba, ncha ikiangalia ziwani. Mpaka leo lipo hapo, na wanaoliona wanadhani ni dawa.

Mchana upepo ulipogeuka tukatoka tena. Yule mtu wa dagaa naye akaja, alisema ameshafunga safari na hataki kurudi bila kuona. Tulipotoka nje ya ghuba seremala akaipanga boti, mimi nikabonyeza. Akaachia. Upepo ukakaza, boti ikalala, maji yakapita pembeni yakitoa povu. Nilisubiri kikwaruzo. Hakuna. Zii, kimya, zii, kimya. Likaja wimbi likatusukuma nje ya njia kidogo, fimbo ikafikiri, ikaturudisha. Mwanzoni ilikuwa inarekebisha kila kitu kidogo, inahangaika, nikapunguza ukali wake kwa kitufe. Mwenye kibanda aliwahi kuniambia kuhusu maksai wao wa kulimia kwamba ukiwachapa kila wanapoyumba watachoka kabla ya adhuhuri; waache wayumbe, mradi mfereji unanyooka. Nikaiacha iyumbe. Mstari wetu nyuma ulinyooka.

Seremala alikaa karibu na usukani muda mrefu, haugusi wala hauachi. Kisha akasimama. Akaingia chumbani, tukasikia vyombo, akatoka na kikombe cha chai kwenye mkono wa kulia, ule mkono unaoweza kikombe. Akatembea mpaka mbele, akasimama kando ya jembe, akaegemea mlingoti. Alisema baadaye kwamba tangu aijenge hajawahi kusimama mbele ya boti yake ikiwa inatembea. Alikuwa nyuma siku zote, ameshika.

Mkewe alibaki nyuma na mimi. Alikuwa ameweka mikono mapajani na haijui la kufanya. Aliitazama ile mashine, akaifuta maji kwa ncha ya kanga yake.

"Kumbe wewe hulalamiki," akaiambia. Kisha akaniambia mimi, "Mwanangu, nyie wa Litapunga mnaongea kidogo, lakini mkiongea mnaongea."

Yule mtu wa dagaa hakuulizia tena boti. Aliulizia kama mashine ya namna hiyo inaweza kushika usukani wa boti ya injini.

Walianza safari yao baada ya mimi kurudi Mpanda. Wananitumia sauti kwenye simu wakipata mtandao. Walifunga milango kwenye kijiji kimoja, wakalipwa sehemu kwa mchele na kuku, na mke wa seremala akaniambia nimpigie mama kumjulisha kwamba mavuno ya kwanza yamepatikana. Mama alijibu kwamba sasa wanaweza kulitia mpini wakitaka. Hawajataka. Siyo kila siku imekuwa nzuri. Kuna siku mawimbi makubwa yalitokea nyuma, mashine ikawa inachelewa, boti inapinda kama nyoka, wakaitoa na kupokezana kwa mkono na mpira wa tairi mpaka wakaingia sehemu yenye kivuli cha upepo. Seremala alisema bega liliuma lakini haikuwa safari nzima, ilikuwa kipande. Kipande anakiweza.

Mimi bado niko kwenye kibanda. Nimegeuza meza yangu, sasa inaangalia mlangoni. Mwenye kibanda anasema wateja wamepungua kwa sababu wamezoea mgongo. Yule mtu wa dagaa amesema atanipeleka Ikola nikaangalie boti yake, na kabla sijaenda kuna mambo sijui.

Ndiyo maana nimeandika. Nyie mliopo Tanganyika, au Rukwa, au Nyasa, au popote penye maji na upepo, kama mmewahi kufunga mashine hii au kuona imefungwa, niambieni mnafanyaje mawimbi yakitoka nyuma. Niambieni mnaizuiaje mvua ya masika isiingie kwenye bomba. Na kama kwenu kuna kitu cha chuma ambacho lazima kikae kwenye boti mpya, niambieni mnakiweka wapi. Andikeni kupitia hawa waliowaletea maneno haya, watanifikishia. Mwandiko wowote nitausoma. Nitachelewa kujibu kwa sababu naandika polepole, lakini nitajibu.